Nilivyokwenda Java Kumchukua Furaha

Jumapili pale nje ya kanisa mlinizunguka kama mtu aliyefufuka, na kila mmoja alikuwa na swali lake. Huyu anauliza chakula, yule anauliza baridi, na mama Chantal alitaka kujua kama ni kweli huko wanakula nyoka. Nilishindwa kuwajibu wote kwa pamoja. Basi nimekaa, nimeandika. Mambo ya viza na tiketi nimeyaacha, maana hata mimi mwenyewe yalinichosha. Nyoka sikumwona.

La Rochelle, kwa mama

Kwa wale waliojiunga nasi juzijuzi: Furaha ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Tulitoka Bukavu pamoja, tukapanga vyumba hapahapa La Rochelle, Johannesburg, na yeye akapata kazi ya kuuza katika duka moja la samani kule Randburg. Samani zenyewe zilitoka Java, kisiwa cha Indonesia, na pamoja nazo akaja Wahyu, fundi wa kupiga msasa na kung'arisha mbao, kijana mpole ambaye Kiingereza chake kibovu na cha Furaha vilielewana vizuri sana. Walioana. Baadaye wakahamia kijijini kwao, kwa sababu mama yake Wahyu alikuwa amebaki peke yake, na huko wakapata binti, Ayu. Mwaka jana Wahyu aliugua, akafa.

Tangu siku hiyo mama hakupata usingizi wa kweli. Mnajua mambo ya kwetu yalivyo. Matanga hayajaisha, ndugu wa marehemu wameshafika na gari la kubebea vitanda. Shangazi yetu pale Bukavu alinyang'anywa hadi sufuria lililokuwa na maharage jikoni. Furaha alikuwa akituambia kwenye simu kwamba yuko salama, lakini mama alisema mtu anayekaa nyumba moja na mama mkwe hawezi kusema kingine.

"Pascal, uende umulete mutoto wangu," aliniambia. "Bale batu batamutoa mu nyumba, na hana hata ndugu wa kumutetea. Usirudi peke yako."

Nikaahidi. Kazi yangu mnaijua, nafunga kengele za wizi na nyaya za umeme juu ya kuta za watu. Nikiingia katika nyumba yoyote, jicho langu huenda kwanza dirishani, kisha mlangoni, ndipo namsalimia mwenye nyumba. Kwa hiyo begini nilitia makufuli mapya, mnyororo, na kengele ndogo ya betri inayopiga kelele mlango ukiguswa. Zawadi ya Ayu niliikumbuka nikiwa tayari uwanja wa ndege.

Jakarta, stesheni ya treni

Doha, nilikobadilisha ndege, sina la kusimulia, nililala juu ya begi langu. Jakarta ndiko nilikoanza kupata matatizo, na nilijiletea mwenyewe.

Kule kila mtu anakuuliza unakwenda wapi. Mfagiaji anakuuliza, muuza maji anakuuliza, mzee aliyekaa zake anainua kichwa kwenye simu anakuuliza, kisha anarudi kwenye simu. "Mau ke mana?" Maneno hayo niliyajua kabla ya asante. Sasa wewe uliyekaa Joburg, mtu usiyemjua akikuuliza hivyo pale stendi ya teksi, unajua anapima mfuko wako. Basi nikaanza kudanganya. Mfagiaji nikamwambia Bali. Muuza maji nikamwambia nimefika, siendi popote.

Kosa lilikuwa kwa mama mmoja mnene niliyekaa naye benchi moja ndani. Nikamwambia naenda Surabaya, mji wa kwanza ulionijia kichwani. Kumbe na yeye ndiko anakokwenda! Alifurahi ajabu. Alifungua wali uliofungwa kwenye jani la mgomba, wenye pilipili na samaki mdogo mkavu, akanilisha kama mwanawe, na treni yake ilipoingia akanikabidhi maboksi yake mawili na kunishika mkono. Ningemwambia nini, na mdomo bado umejaa wali wake? Nikapanda naye. Mkaguzi alipoiona tiketi yangu imeandikwa Purwokerto, mji wa karibu na kwa Furaha, alinishusha kwa adabu, huku yule mama akinipungia mkono kwa huzuni dirishani. Na treni yangu ya kweli ilikuwa imeshaondoka.

Nilipokuwa nangoja nyingine, kijana wa chuo alinieleza kwa Kiingereza. "Ni salamu tu, mjomba. Hakuna anayesubiri jibu. Sema unakwenda kutembea, basi."

"Kama ni salamu, mbona mnataka kujua?"

Akafikiri. "Ili usipofika, kuwe na mtu anayejua ulikuwa unaelekea wapi."

Purwokerto hadi milimani: harusi katikati ya barabara

Kutoka Purwokerto nilichukua gari dogo la kukodi la Pak Darto, dereva mwenye masharubu na maneno machache. Pak ni kama kusema baba fulani. Tulipanda milima, mashamba ya mpunga yamekatwa ngazi ngazi kushoto na kulia, na mimi nimeganda dirishani kama mtoto. Ghafla gari likasimama. Mbele yetu barabara yote, kutoka ukingo hadi ukingo, ilikuwa imezibwa na hema la harusi, lenye mazulia, viti, na bibi harusi kwenye jukwaa.

Nilingoja Pak Darto apige honi. Alizima injini, akachana masharubu, akaenda kunawa mikono. Njia nyingine haikuwepo, na wenye harusi walishatuwekea viti.

Hapo niliteseka. Kijana mmoja alichukua begi langu garini bila kuniuliza, akaliweka kwenye kiti pembeni ya barabara pamoja na mikoba ya watu wengine. Kando ya ukuta wa nyumba ya karibu simu zilikuwa zinachajiwa, zimelala kwenye mkeka, hakuna anayezitazama. Nililetewa fenesi bichi lililopikwa kwa tui hadi likawa laini kama nyama, na vipande vya soya vilivyokaangwa kwenye unga, na sikuonja chochote kwa sababu ya kutazama begi. Bibi mmoja asiye na meno aliliona jicho langu. Akainuka, akalibeba lile begi kwa mikono miwili, akaniwekea mapajani na kulipigapiga kama anabembeleza mtoto. Harusi nzima ikaangua kicheko. Nilicheka na mimi, nikala, na ninawaambia kwa moyo wote: fenesi bichi tumekuwa tukilidharau bure.

Kijijini kwa Mbah Lastri

Furaha alikuwa amekonda. Alikuja mbio barabarani na kanga ya kwao begani, akanikumbatia mpaka nikahisi mifupa, na tukalia wote wawili bila aibu. Ayu alijificha nyuma ya bibi yake, Mbah Lastri. Mbah ndivyo wanavyomwita bibi. Ni mwanamke mfupi, mkavu, wa kutazama chini. Alinishika mikono, akasema maneno mengi ya taratibu, nami nikatabasamu huku nikijisemea kimoyomoyo: huyu ndiye adui.

Kisha nikaikagua nyumba, ndiyo kazi yangu. Uzio hakuna, ila mstari wa maua yanayofika gotini. Mlango wa mbele una mabamba mawili na unafunguliwa alfajiri hadi watu wanapokwenda kulala. Pikipiki ya jirani ilikuwa uani kwetu, ufunguo umo. Wanawake walipita jikoni wakachukua chumvi wakatoka.

"Ufunguo wa mlango uko wapi?" nikamuuliza Furaha.

Ilibidi afikiri. Akamuuliza Mbah, na Mbah akachakura kopo la vifungo vya nguo mpaka akautoa, umeshika kutu. Hawakukumbuka mara ya mwisho ulitumika lini.

Kabla sijamaliza chai, mwanamume wa makamo aliyevaa kikoi akasimama mlangoni na kuomba kuona pasipoti yangu. Niliweka kikombe chini. Nyie mnaijua hofu hiyo, hakuna haja ya kuieleza kwa watu wa Joburg. Nikamwangalia Furaha, mkono tayari mfukoni.

"Yaya, tulia, haiko polisi," akasema. Yaya ndivyo anavyoniita tangu utotoni, kaka mkubwa. "Huyu ni Pak Slamet. Njo anajua nani analala mu nyumba gani."

Ni kama balozi wa nyumba kumi wanayemsimulia Watanzania wetu. Aliitazama pasipoti, akanirudishia, kisha akaniuliza nitalala chumba kipi na upande upi wa chumba. Nikaona sasa ananipeleleza. Furaha akatafsiri: kilima cha nyuma huporomoka mvua zikizidi, na wakija kufukua wanataka kujua waanzie wapi. Sikujua nicheke au nishukuru. Pak Slamet alinionyesha pia kipande cha mwanzi kinachoning'inia kwenye kibanda cha njia panda, kimechongwa uwazi tumboni. Kikigongwa namna hii ni moto, namna ile ni mwizi, na polepole ni msiba. Kila nyumba ina zamu ya kulinda kijiji. Nyumba ya Furaha haina mwanamume, kwa hiyo binamu yake Wahyu, bwana mmoja mwenye upara, huwashikia zamu, na Mbah humpelekea ndizi za kukaanga.

Tulipobaki wawili nikaingia kwenye jambo lililonileta. "Nyumba na shamba ni vya nani sasa?"

"Ni ya Ayu. Mbah alisema mbele ya batu bote, siku ya arobaini ya baba yake."

"Alisema tu? Kwa mdomo?"

"Bote balisikia, yaya."

Sikuamini hata kidogo. Nilimwambia maneno ya leo si ya kesho, na siku yule binamu akitaka shamba, wote waliosikia watakuwa viziwi. Nikamwambia mama anamngoja, tutamkatia tiketi yeye na mtoto, turudi nyumbani. Mbah alikuwa karibu akichambua mboga. Kiswahili hakijui, lakini jina la Johannesburg analijua, na vidole vyake vilisimama.

"Acha mpunga ukauke kwanza," Furaha alijibu.

Mpunga ulikuwa umevunwa karibuni kwenye lile shamba na kuanikwa uani, juu ya maturubai, wa rangi ya dhahabu. Ndio chakula chao hadi mavuno mengine. Nami jioni hiyo nikafunga makufuli yangu, moja mlango wa mbele, moja wa nyuma. Hakuna aliyenizuia. Nadhani walifikiri ni dawa ya kwetu.

Siku ya mvua

Siku ya kliniki ya Mbah, Furaha alimpeleka mjini pamoja na Ayu. Mimi nikabaki kulinda. Nilifunga milango yote, nikatia funguo mfukoni, nikaketi uani na reki ya mbao ya kugeuzia mpunga. Jua lilikuwa kali.

Mchana, watu wanne wakaingia uani bila hodi. Wanawake watatu wenye magunia, na yule binamu mwenye upara. Hawakunisalimia, hawakuniuliza hata naenda wapi. Waliinama wakaanza kukusanya mpunga na kuujaza magunia.

Ndugu zangu, nilimwona shangazi na sufuria lake la maharage. Nikaruka. Nikasimama juu ya turubai na reki yangu, nikapiga kelele kwa Kiingereza, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, na kwa Kizulu kidogo ninachokijua, ambacho ni cha matusi. "Mwizi! Weka chini! Ni ya mjane!" Mwanamke mmoja alinionyesha juu kwa kidole, mara nyingi, huku akisema jambo kwa haraka. Katika kazi yetu tunafundishwa hivi: mtu akikuonyesha juu, wewe tazama mikono yake. Nikatazama mikono yake. Nikamnyang'anya gunia, nikalimwaga.

Binamu akakimbia njia panda, na mwanzi ukaanza kulia. Nikajua nimekwisha. Nimewahi kufanya kazi Diepsloot, mtaa wa mabanda wa Joburg, najua filimbi ikipigwa watu huja kufanya nini. Wanaume walikuja mbio kutoka pande zote. Niliegemeza mgongo kwenye mlango wangu wenye kufuli, nikaomba kwa Mungu.

Tone la kwanza likaniangukia puani.

Walinipita. Hakuna hata mmoja aliyenigusa. Walikimbilia mpunga kwa reki, kwa mabeseni, kwa mikono, na mvua ikashuka yote kwa pamoja kama inavyoshuka huko milimani, bila kutangulizwa na manyunyu. Walibeba magunia hadi mlangoni, wakaonyesha mlango, wakanionyesha mimi. Nikaelewa. Waliona wingu likivuka kilima, wenye nyumba hawapo, wakaja kuuingiza mpunga ndani kama wanavyofanyiana siku zote, na mimi nilikuwa nimefunga ndani. Niliingiza ufunguo usio wake, kisha mwingine. Ni makufuli mazuri sana, hayafunguki kwa haraka. Nilipopata, maji yalikuwa yameshajaa uani kote, yanaupeleka mpunga mtaroni, na wanawake wamevua kanga zao za begani kuziba mtaro.

Nilitamani ardhi inimeze. Mpunga wote ulilowa, na mvua haikuonyesha dalili ya kuacha. Mpunga mbichi ukirundikwa unaota au unaoza. Pak Slamet alisimama katikati ya ua, akagawa kazi, na jirani mmoja mmoja akabeba sehemu yake hadi kwake. Waliondoa viti sebuleni wakautandaza sakafuni, wakawasha feni. Mwingine ukatandazwa kwenye baraza la msikiti.

Mbah aliporudi akaelezwa. Nilisimama mbele yake nikitaka anitukane. Alinishika shati, akasema neno.

"Anauliza juu ya nini haujabadilisha nguo," Furaha akatafsiri. Kisha akaongea kwa niaba yake mwenyewe, na hakunihurumia. "Ile njo ilikuwa chakula yetu, yaya. Ulikuja kunilinda na batu benye bananilinda."

Kutoka sebule hadi sebule

Siku zilizofuata tulizunguka mimi na Furaha kugeuza mpunga, nyumba kwa nyumba. Hivyo ndivyo nilivyoingia kila nyumba ya mtaa ule, jambo ambalo La Rochelle sijalifanya kwa miaka yote hii. Kila mahali tulipewa chai yenye sukari ya kutisha na chipsi za muhogo. Kwa binamu, familia ilikuwa ikilala jikoni kwa kuwa chumba chao kilijaa mpunga wetu. Nilimwomba msamaha. Akaigiza jinsi nilivyoshika reki na kufoka, vizuri kabisa, mkewe akacheka hadi akakaa chini.

Lakini Furaha hakutaka nidhani ni peponi. Tulipokuwa tumepiga magoti sakafuni kwa watu, aliniambia bila kuinua kichwa.

"Siku Wahyu alikufa, nilitaka nilie peke yangu. Sikuweza. Baliingia, balikaa, balinishika mikono, siku nyingi. Nikinunua nyama, banajua ni kilo ngapi. Nikiamka na macho mekundu, bananiuliza mbele ya batu. Kuna siku natamani kufuli yako, kweli."

"Basi twende nyumbani."

Aliendelea kugeuza mpunga. Sehemu kubwa ilikauka vizuri. Uliobaki ulikuwa umeota chipukizi, wakapewa bata.

Asubuhi ya kuondoka

Pak Darto alikuwa amefika na gari. Furaha alikuwa bado hajanijibu, na mimi nilikuwa nimeacha kuuliza. Nilipotoka na begi, nikakuta Mbah Lastri ameketi sebuleni kando ya gunia la mpunga, amelishona mdomo kwa uzi mnene. Juu ya gunia aliweka nguo za Ayu, zimekunjwa vizuri.

Aliongea kwa muda, akitazama sakafu. Furaha akatafsiri, sentensi moja moja.

"Anasema hiyi ni nusu ya mavuno. Ni haki yangu na ya mutoto, hata tukiwa mbali. Anasema shamba litabaki la Ayu, akirudi mukubwa, kila mutu hapa atamuonyesha mupaka." Akalitazama gunia. "Anasema... kule kwetu pengine muchele haiko mzuri, tusimulishe Ayu chakula mubaya."

Mimi nilikuwa nimevuka bahari kuja kupambana na mwanamke huyu.

Furaha akapiga magoti. Aliziondoa nguo za mtoto, akaukata uzi kwa meno, akaliburuta gunia hadi kwenye pipa la akiba ya mpunga pale pembeni, akaliinua kwa nguvu zote na kulimimina. Nilitaka kumsaidia, akanisukuma kwa kiwiko. Mpunga ulishuka kwa kelele mpaka gunia likawa tupu, akalikung'uta.

"Umwambie mama nitakuja kumusalimia," akanigeukia. "Nitakuja, nitakaa, na kiisha nitarudi kwangu."

Mbah hakuelewa neno hata moja la Kiswahili, lakini pipa alikuwa analiona. Akalia kwa sauti kubwa, mikono imekumbatia kichwa. Furaha akamkumbatia, akalia naye, na Ayu akadakia.

Nje nikasikia kandambili zinakimbia. Mwanamke wa nyumba ya pili alikuja na mikono yenye povu la sabuni, nyuma yake binamu mwenye upara, nyuma yake Pak Slamet anafunga kikoi, na wengine. Nilikuwa nimesimama katikati ya mlango. Nikasogea, wakapita.